Nilikuwa Nimeshasaini Kutoka

  Leo nataka kuongea zaidi na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma maandishi yetu kimyakimya, lakini vijana wenzangu mlioko Dadaab, Kakuma, Mombasa, na sisi tuliorudi Kismayo, msiondoke, kuna maneno yenu pia.

Mwaka jana niliumia njiani nikirudi nyumbani kutoka kambini. Mguu wa kushoto ulivunjika muundi, mifupa yote miwili. Nilipompigia msimamizi wangu simu usiku ule, nikiwa nimelala kwenye kitanda cha hospitali, alisema pole sana, tena alisema kwa moyo. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia: "Lakini ndugu yangu, nimeangalia daftari. Ulikuwa umeshasaini kutoka."

Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike.

Kwanza niwaeleze siku yenyewe. Mimi ni volontia katika kambi mojawapo za waliohama makwao, upande wa Dalxiiska. Kwa wasiojua Kisomali, neno dalxiis maana yake ni utalii. Mimi sijawahi kumwona mtalii pale. Kuna vibanda vya miti na maturubai, watu waliokimbia ukame, mafuriko na vita kutoka bonde la Juba, na wengine waliorudi kutoka Kenya kama familia yangu. Kazi yangu ni kuandikisha watu, kuwaeleza habari za maji safi na kipindupindu, na kupeleka malalamiko yao ofisini. Hatulipwi mshahara. Tunapewa posho, ile ambayo tulipokuwa Dadaab tuliizoea kwa jina la insentivu. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi inatoka katika posho hiyo hiyo.

Siku ile walikuwa wamefika watu wapya wengi. Saa tisa alasiri magari ya shirika yaliondoka kambini kama kawaida, manake sheria ya usalama inataka wafanyakazi wawe wamerudi mapema. Sheria hiyo siipingi. Watu wa mashirika wameuawa nchini kwetu, na kila mwaka tarehe 19 Agosti dunia huwakumbuka waliokufa wakifanya kazi hii. Lakini foleni haikuondoka na magari. Kulikuwa na akina mama wamekaa juani tangu asubuhi na watoto mgongoni. Tuliambiwa tumalize orodha. Tukamaliza. Saa kumi na moja na nusu jioni nikasaini daftari, nikatoka kutafuta bajaji.

Tulipata moja, na sote tulikuwa na haraka ya kuwahi Magharibi. Nyuma walikaa watatu: dada mmoja tunayefanya kazi pamoja, na wazee wawili wa sokoni. Mimi nilikuwa wa nne. Nilikaa mbele, ubavuni mwa dereva, upande wa kushoto, nusu ya paja iko nje. Nyote mnajua kukaa huko. Tumeshakaa hivyo mara mia.

Njia ile ina kona ambapo mathenge yameota mpaka ukingoni, huoni kinachokuja. Mbele yetu lilikuwa linakuja boza la maji, polepole. Nyuma yake kulikuwa na pikapu, na dereva wake alikuwa amechoka kufuata vumbi. Sasa hapa kuna kitu nataka mkielewe, manake watu wengi wanapanda magari kila siku bila kukifikiria. Somalia tunaendesha kulia kwa barabara. Lakini magari mengi tuliyonayo yameletwa kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai, na usukani wake uko kulia, yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Kenya. Dereva wa gari kama hilo akitaka kulipita lori, yeye amekaa upande wa kichaka, haoni kitu. Ni lazima atoe karibu gari zima kwenye njia ya wenzake ndipo macho yake yaone kama kuna mtu. Akikuona, ameshakufikia.

Yule wa pikapu alitutokea hivyo. Dereva wetu alikata kulia mchangani, gurudumu la mbele likazama, bajaji ikalala. Pikapu ilipita na mguu wangu. Sikusikia maumivu mara ile. Nilisikia dada yule akilia nyuma, nikataka kusimama nimsaidie, ndipo nikaona mguu wangu umeangalia upande usio wake.

Watu wa njiani walitusaidia, Mungu awalipe. Walinibeba wakanitia kwenye bajaji nyingine, mguu unaning'inia, kila shimo nilipiga kelele. Hakuna aliyejua kwamba mguu uliovunjika unafungwa kwanza kwenye ubao au kijiti kabla ya mtu kuinuliwa. Hata mimi sikujua, na mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha watu mambo ya afya! Hospitali nilipigwa eksirei, nikafungwa plasta, nikakaa nayo wiki nane. Yule dada alichanika usoni, akashonwa. Dereva wetu hakuumia sana, lakini bajaji haikuwa yake, na tajiri wake alitaka hesabu yake ya kila siku.

Alhamdulillahi, sikufa. Wengi hufa. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilisema ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29 ndicho kifo kinachoongoza kuliko ugonjwa wowote. Soma tena umri huo. Ndio sisi. Vifo 92 katika kila 100 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na ndizo nchi tunazokimbia na tunazokimbilia. Sisi kambini tunafundishwa kuogopa risasi na kipindupindu, na ni sawa kuviogopa. Lakini bajaji hatuiogopi.

Turudi kwenye daftari.

Msimamizi wangu si mtu mbaya. Alinitumia dola ishirini zake mwenyewe kwa simu, na alikuja kunitazama. Lakini yeye alisoma mkataba kama ulivyoandikwa: volontia yuko chini ya shirika anapokuwa kazini, na kazini ni kutoka sahihi ya kuingia mpaka sahihi ya kutoka. Mimi nilikuwa nimetoka kwa robo saa tu. Posho yangu ililipwa mpaka siku ya ajali. Wiki ya pili nafasi yangu akapewa mwingine, manake kazi haingoji. Eksirei, dawa, plasta na nauli za kwenda kliniki vikawa deni langu. Lilifika dola 260. Walionichangia ni wenzangu, mavolontia wasio na kitu, na jamaa walioko Mombasa.

Sasa swali langu: kazi inaisha wapi?

Babu yangu alikuwa mvuvi wa Chula kabla ya vita kuwatoa watu visiwani mwaka 1991. Nilipokuwa nimelala na plasta nilimweleza habari ya daftari. Alicheka sana, akasema: "Mjukuu wangu, mbona hao hawajui bahari? Uvuvi hauishi nyavu zikipandishwa. Unaisha mashua ikifika pwani na watu wote wameshuka." Kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyekuwa akienda Dalxiiska kupanda bajaji kwa starehe zake. Hakuna, Babu. Kila siku niliyopita kona ile nilipita kwa sababu ya kazi ile.

Msidhani haya ni maneno ya mzee wa pwani tu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 121 mwaka 1964, unaohusu mafao ya mtu aliyeumia kazini. Mkataba huo unaitaka kila nchi inayouridhia ieleze ajali ya kazini ni ipi, na ieleze pia ni lini ajali ya njiani, ya kwenda au kutoka kazini, itahesabiwa kuwa ya kazini. Pendekezo lililokwenda pamoja na mkataba huo linasema wazi: njia ya moja kwa moja baina ya kazini na nyumbani ihesabiwe. Ujerumani waliliingiza jambo hili katika sheria yao ya bima mwaka 1925, kabla hata babu yangu hajazaliwa. Yaani ni jambo ambalo wengine walishalifikiria miaka mia moja iliyopita.

Hata jirani zetu Kenya, ambako wengi wenu mko, wana Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Inasema mfanyakazi akisafirishwa bure kwenda au kutoka kazini, kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili hiyo na kuendeshwa na mwajiri au mtu wake, basi akiwa ndani ya gari hilo anahesabiwa yuko kazini. Ni jambo jema. Lakini litazameni vizuri, mtaona linamlinda nani. Aliyepewa gari la kumrudisha nyumbani analindwa. Aliyeachwa atafute bajaji yake, sheria hiyo haimtaji. Na sisi hata jina la mfanyakazi hatuna. Sisi ni "wanaojitolea".

Mimi si mwanasheria, nimeishia sekondari. Lakini naona hivi: yule mwenye gari zuri, dereva aliyefundishwa, mkanda na bima, ndiye aliyeondoka saa tisa jua likiwa juu. Yule asiye na kimoja katika hivyo ndiye aliyeondoka kiza kikikaribia. Hatari tulimwachia mwenye uwezo mdogo wa kuibeba. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama mgongoni kwa mwenzio, unauona mwepesi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui, na sisi Wabajuni tunalijua sana. Kismayo mtu akigongwa, kesi mara nyingi haiendi mahakamani. Inaenda kwa wazee. Wazee wa aliyegonga na wazee wa aliyegongwa wanakaa chini, wanapanga dia na gharama. Ukoo mkubwa ukidai, unasikilizwa haraka, manake kila mtu anajua nyuma yake kuna nani. Sisi ni wachache, wavuvi wa visiwani, watu wetu wengi walikimbilia Kenya kwa mashua miaka ya 1990 na hawakurudi. Wazee wetu wakienda kuomba haki wanaenda na adabu tu. Upande wa mwenye pikapu ulilipa usiku wa kwanza wa hospitali. Tulishukuru, maana tulijua kilichobaki hatuna nguvu ya kukidai. Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, mnaposema kila mtu ana jamii yake ya kumsaidia, kumbukeni jamii hazina uzito sawa. Kwa mtu wa kabila dogo, karatasi moja ya bima ina maana kuliko mnavyofikiri.

Sasa najua majibu, nimeshayasikia.

La kwanza: ajali haina kinga. Ni amri ya Mungu. Nami naamini amri ya Mungu. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Ajali inaweza kukosa kinga, lakini kukaa mtu wa nne kwenye bajaji kuna kinga. Kumaliza orodha kiza kikiingia kuna kinga. Na deni la dola 260 lilikuwa na kinga.

La pili: pesa hakuna, wafadhili wamepunguza. Ni kweli wamepunguza, tunaona kambini kwa macho yetu. Lakini mambo mengine hayahitaji pesa nyingi. Gari linaloondoka na viti vitupu lingeweza kututeremsha mjini. Na kama haliruhusiwi kutubeba, basi orodha ifungwe saa moja kabla ya magari kuondoka, sio baada. Atakayebaki kwenye foleni aandikwe wa kwanza kesho. Ni vigumu kumwambia mama mwenye mtoto hivyo, najua, mimi ndiye ninayemwambia. Lakini tusimalize foleni kwa miguu ya mavolontia.

La tatu: volontia anajua anachoingia. Hapana. Mimi nilisaini karatasi ya kurasa mbili iliyosema habari za tabia njema, kutunza siri za watu, na kuvaa fulana ya shirika. Habari ya kuumia ilikuwa mstari mmoja, na haikutaja njia. Kijana aliyekaa miaka miwili bila kazi hasomi mstari huo. Anauliza anaanza lini.

Basi ninachoomba ni vitu vinne. Kwanza, mkataba useme wazi kwamba njia ya kwenda na kurudi kambini ni sehemu ya kazi. Pili, kuwe na bima ya ajali kwa kila volontia, hata ndogo, ya kulipa hospitali na posho ya miezi miwili au mitatu. Tatu, aliyeumia awekewe nafasi yake kwa muda unaojulikana, na anayekaa pale kwa muda aambiwe hivyo mapema. Nne, mtufundishe kumhudumia aliyeumia barabarani, manake sisi ndio tunaofika kwanza, kabla ya daktari yeyote.

Na nyinyi vijana wenzangu, sijawasahau. Mimi nilikaa mbele kwa hiari yangu, kuokoa muda na kupata nauli nafuu. Hakuna shirika lililonilazimisha. Ile haraka ya jioni imetuzoesha vibaya. Tukatae kuwa wa nne. Dereva akituambia "panda tu, ni hapa karibu", tumwambie tutangoja nyingine. Wengi wa madereva wale ni vijana kama sisi, ni rafiki zetu, tunaweza kuongea nao. Na akina kaka, tusiwaache dada zetu wakingoje bajaji peke yao jioni.

Nimemtaja yule dada tuliyeumia pamoja. Kidonda chake kilipona, alama imebaki shavuni. Lakini nyumbani kwao walisema basi, hakuna tena kwenda kambini, kazi gani isiyokurudisha nyumbani salama. Alikuwa ndiye volontia wa pekee katika timu yetu ambaye akina mama wa kambini walimwambia mambo ambayo mimi siwezi kuambiwa. Wao sasa hawana wa kumwambia. Hiyo nayo ni hasara ya ajali ile, na haimo katika ripoti yoyote, kwa sababu yeye pia alikuwa ameshasaini kutoka.

Mimi nimerudi, nachechemea kidogo asubuhi mguu ukiwa baridi. Waliotangulia walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Deni bado nalilipa kidogo kidogo. Daftari ni lile lile, lina nafasi mbili: kuingia na kutoka. Sisi mavolontia tumejiongezea ya tatu, si kwenye karatasi bali kwenye simu zetu: kila mmoja akifika kwao jioni anaandikia wenzake neno moja, "nimefika". Asipoandika mpaka Isha, tunampigia, na kama hapokei tunatoka kumtafuta.

Hili tunalifanya sisi, bila bajeti. Tunangoja na ofisi itutafute.